Kitenzi Kilichozika Wenzake

Kwa zaidi ya miaka mia nne Waingereza waliandika sheria, hati za mashamba, mahubiri na habari za wafalme wao, na katika yote yaliyotufikia kitenzi "die" hakimo. Nomino "death" imo, sifa "dead" imo, na watu walikuwa wakifa kwa vita, njaa na maradhi kama kwingineko duniani. Lakini neno ambalo leo mwanafunzi wa Kisumu au Dodoma hulijua kabla hajamaliza shule ya msingi linaanza kuonekana katika maandishi ya karne ya 12. Lilipoingia halikutoka tena. Likawasukuma kando wenyeji, likakaa katikati, na tangu hapo kila zama imejaribu kulitafutia badala.

Wenyeji hao walikuwa wengi. Kiingereza cha kale kilikuwa na "steorfan", na "sweltan", na "cwelan" lililokuwa ndugu wa "cwellan", yaani kuua. Ndugu huyo bado yuko hai kwa umbo la "quell", ila siku hizi kazi yake ni kuzima ghasia. Kwa wakubwa lilitumika "forthferan", kushika njia na kwenda mbele. Katika kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zilizoanza kukusanywa enzi za Mfalme Alfred, mwishoni mwa karne ya 9, maaskofu na wafalme hushika njia namna hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Sisi nasi wetu hutangulia mbele ya haki.

Mwaka 793 Waviking walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Kwa miaka mingi walikuja, wakapora, wakaondoka. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa ambalo halikuwa na haraka ya kurudi. Wapiganaji wakagawana ardhi, wakalima, wakaoa, na eneo kubwa la kaskazini na mashariki likawa chini ya sheria za Wadeni. Kufikia 1016 mfalme wa Uingereza yote alikuwa Cnut, Mdeni. Lugha yao na ya wenyeji zilikuwa ndugu wa karibu, hata mkulima wa huku na wa kule waliweza kupatana bei ya ng'ombe bila mkalimani. Ujirani wa namna hiyo huingiza maneno mpaka jikoni. Kutoka kwao Kiingereza kilipata yai, "egg", dirisha, "window", kisu, "knife", mume, "husband", na hata kiwakilishi "they". Kwa kufa wao walisema "deyja". Kiaislandi kinalisema hivyo mpaka leo, na Wadeni na Waswidi wamelifupisha kidogo tu.

Wataalamu hawakubaliani moja kwa moja. Wapo wanaosema kitenzi kilikuwapo Uingereza tangu awali, kwani "dead" na "death" ni ndugu zake wa tumbo moja, na kwamba hakikuandikwa kwa sababu waandishi wengi walifuata lahaja ya kusini, ya Wessex, iliyokuwa na mazoea mengine. Wengine wanasema kililetwa moja kwa moja kutoka Skandinavia. Naona pande zote mbili zinaweza kuwa na haki: huenda lilikuwapo neno dhaifu la mitaani likapewa nguvu na wageni. La kushangaza ni lenyewe badiliko. Kitenzi cha kufa ni katika maneno ambayo lugha huyashika kwa meno. Kufa kwetu ni kongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Mnyarwanda anasema gupfa, Mkikuyu gũkua, Mshona kufa, Mzulu ukufa, na wote wamerithi kutoka kwa mzee mmoja wa Kibantu. Kiarabu kilipotupa fariki tulilipokea kwa heshima, tukaliketisha kando ya kufa. Kufa hakikuondoka. Kiingereza kiliyaondoa yake.

Yaliyowapata waliosukumwa ni hadithi nzuri kuliko ya mshindi. "Steorfan" ndilo "sterben" la Wajerumani, ambalo hadi leo ni kitenzi chao cha kawaida cha kufa. Uingereza liliendelea kuishi kwa muda. Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, bado alilitumia kwa maana ya kufa kwa sababu yoyote ile, pamoja na mapenzi. Kadiri "die" lilivyopanuka, hili lilifinywa: kwanza likahitaji kutajiwa sababu, kufa kwa baridi, kufa kwa njaa, kisha kufikia karne ya 16 njaa ikaling'ang'ania na kulimiliki. Ndilo "starve" la sasa. Vijijini Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wazee walibaki wakisema wana "starve" wakimaanisha wanatetemeka kwa baridi, mabaki ya siku ambazo njaa haikuwa na haki ya pekee juu ya neno hilo.

Safari haikuishia hapo. Leo mtoto wa Kiingereza aliyechelewa chakula cha mchana kwa nusu saa husema "I'm starving", na hakuna anayekwenda kumwita daktari. Nasi husema nakufa njaa hali sufuria iko jikoni, kwa hiyo tusiwacheke. Naye "sweltan" alipata mwisho wa ajabu zaidi. Kutoka kufa alishuka akawa kuzimia, kutoka kuzimia akawa kuzidiwa na joto, na sasa kwa umbo la "swelter" anatumika na watangazaji wa hali ya hewa. Kitenzi kilichowahi kuwazika watu kimeishia kuwatoa jasho.

Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na pamoja nao ikaja lugha ya mahakama, kanisa na meza ya bwana. Hawa hawakugusa kitenzi cha mkulima. Walichofanya ni kujenga ghorofa juu yake. "Perish" lilitoka Kifaransa, na asili yake ni Kilatini cha kwenda moja kwa moja mpaka kutoweka. "Expire" ni kutoa pumzi ya mwisho. "Decease" linatokana na neno la Kilatini la kuondoka, ambalo Warumi wenyewe walilitumia ili wasitaje kifo waziwazi. Yaani Waingereza walichukua tafsida ambayo ilikuwa tafsida tangu Roma, kama vile fariki lilivyotufikia sisi likiwa na maana ya kutengana. Mwaka 1348 tauni ilitia nanga katika pwani ya Dorset, na katika muda mfupi iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Uingereza. Makarani na mapadri waliokufa walikuwa wengi mno, na ni katika kizazi kilichofuata, mwaka 1362, ambapo sheria iliagiza kesi ziendeshwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Ila mawakili hawakuacha msamiati wao. Wosia ukaitwa kwa jina la Kiingereza na la Kilatini kwa pamoja, na aliyekufa akabaki kuwa "the deceased". Mpaka sasa neno hilo lina harufu ya faili. Mtu hamlilii "deceased", humgawia mirathi.

Kila moja kati ya haya lilijitafutia pahala pake. "Perish" lilihamia kwenye misiba ya wengi, meli zilizozama na nyumba zilizoungua, na kwenye maembe na samaki wasiosafirishwa kwa wakati. "Expire" liliacha watu karibu kabisa, likashika pasi za kusafiria, leseni na vidonge. La kunistaajabisha zaidi ni "demise". Katika karne ya 16 lilikuwa neno la kuhamisha mali kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa mfalme akifa enzi huhamia kwa mrithi papo hapo, wanasheria walizungumzia uhamisho huo wa taji, na watu wa nje waliposikia hivyo wakadhani ni neno la heshima la kifo. Wakalichukua. Leo linaandikiwa hata makampuni yaliyofilisika.

William Tyndale alipochapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526 alikuwa akiwaandikia watu wa jembe, na alipendelea maneno mafupi. Alilipia kazi hiyo kwa maisha yake, akanyongwa na kuchomwa moto karibu na Brussels mwaka 1536, lakini tafsiri rasmi ya 1611 ilichota kwake sehemu kubwa. Kwa njia ya Biblia hiyo "give up the ghost" lilienea hadi vijijini. Wakati huo "ghost" lilikuwa bado ni roho, kabla halijawa mzuka wa kutisha watoto, kwa hiyo msemo ni mwenza wa kukata roho. Wakristo walikuwa pia na desturi ya kale zaidi, waliyoirithi katika Kigiriki, ya kusema muumini amelala. Ndiyo sababu makaburi huitwa "cemetery": kwa Kigiriki ni mahali pa kulala.

Mitaani hapakuwa na subira ya mambo hayo. Francis Grose, askari mstaafu mnene aliyependa vilabu vya pombe na maneno ya wahuni, alichapisha kamusi yake ya lugha ya mitaani London mwaka 1785. Humo ndimo "kick the bucket" linapoorodheshwa kwa maana ya kufa. Wengi leo hufikiria ndoo ya maji. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba "bucket" ilikuwa boriti ya kutundikia nguruwe wa kuchinjwa, na mateke ni ya mnyama anayekata roho. London ya Grose ilikuwa mji wa kunyonga watu hadharani, na wezi walikuwa na misemo mingi ya kitanzi kwa sababu walikuwa na haja nayo. Sisi tuna kukata kamba, amedanja, amevuta. Misimu ya kifo haitokani na watu wasiojali. Huizua wale walio jirani nacho, mabaharia, wafungwa, askari, wauguzi wa zamu ya usiku.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilionyesha hilo kwa pande zote mbili. Kule mahandakini askari wa Kiingereza walisema mwenzao "ameenda magharibi", au "napoo", neno walilolikoroga kutokana na Kifaransa cha duka lililoishiwa bidhaa. Nyumbani, magazeti na mapadri walisema vijana "wameanguka". Paul Fussell, Mmarekani aliyeandika mwaka 1975 kitabu maarufu kuhusu vita hivyo na kumbukumbu zake, aliupanga msamiati huo wa fahari katika orodha nzima na kuonyesha jinsi ulivyovunjika mbele ya mizinga. Huku kwetu kuna ushahidi ambao wapita njia wengi hawausomi. Sanamu za askari zilizosimamishwa miaka ya mwisho ya 1920 huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina maandishi ya kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika, yaliyotungwa na mshairi Rudyard Kipling na kuwekwa pia kwa Kiswahili, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walimalizwa zaidi na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Kwa Kiingereza, Kipling hakuwaangusha wala kuwapeleka magharibi. Alitumia "die". Naweza kumlaumu Kipling kwa mengi, ila hapo alichagua vema.

Kati ya Grose na vita hivyo ilipita karne ya Malkia Victoria, ambayo ilivaa nguo nyeusi kwa miaka na kuona haya kutaja kilichosababisha nguo hizo. "Pass away" lilikuwapo tangu zama za kati, lakini ni wakati huu lilipojaa kwenye mawe ya makaburi na kadi za rambirambi. Jeshi la Wokovu, lililoanzishwa na William Booth, likaja na lake kwa mtindo wa kambi: mwanajeshi wa Kristo hafi, anapandishwa cheo kwenda utukufuni. Anayesoma matangazo ya vifo katika magazeti ya Kiingereza ya Nairobi anaujua msemo huo vizuri. Umetoka kambini kwa Booth, ukavuka bahari, na sasa wanaupenda hata Wapresbiteri.

Usiku wa tarehe 20 Januari 1936 Mfalme George wa Tano alikuwa mahututi huko Sandringham. Daktari wake, Lord Dawson, alitoa taarifa iliyosomwa redioni kwamba maisha ya mfalme yanaelekea ukingoni kwa amani. Taifa liliisifu kwa uzuri wake. Nusu karne baadaye, mwaka 1986, maandishi ya siri ya daktari huyo yalitolewa hadharani: saa tano hivi usiku alimchoma mfalme mofini na kokeini ili kuharakisha mwisho, na mojawapo ya sababu alizoandika ni kwamba habari hiyo ilistahili kutoka katika gazeti la asubuhi la heshima badala ya magazeti ya jioni. Mfalme alikata roho dakika tano kabla ya saa sita. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu wa sentensi tamu iliyofunika kitenzi kizima cha pili, kuua.

Marekani ilikifanya kifo biashara. Mwandishi wa riwaya Evelyn Waugh alitembelea makaburi ya kifahari ya Forest Lawn, Los Angeles, mwaka 1947, na mwaka uliofuata akatoa riwaya ya kuyadhihaki. Mwaka 1955 mwanaanthropolojia Geoffrey Gorer aliandika kwamba kifo kimechukua nafasi ya ngono kama jambo lisilosemwa mbele za watu. Mwaka 1963 mwandishi Jessica Mitford alichapisha uchunguzi wake wa biashara ya mazishi, akaonyesha kwamba lugha laini na bei kubwa vilikuwa vikitembea pamoja: jeneza likibadilishwa jina, gharama yake nayo ilibadilika. Kisha ikaja dhihaka iliyoshinda zote. Tarehe 7 Desemba 1969 televisheni ya BBC ilirusha mchezo wa kundi la wachekeshaji la Monty Python, John Cleese akiwa mteja anayerudisha kasuku mfu dukani, na Michael Palin muuzaji anayeshikilia kwamba ndege anapumzika tu. Mteja anapandisha hasira na kumwaga tafsida za Kiingereza moja baada ya nyingine, za kanisani, za maofisini na za vilabuni, mpaka zote zinaonekana kichekesho.

Mwaka huohuo daktari Elisabeth Kübler-Ross alitoa kitabu chake kuhusu wagonjwa wanaoelekea kufa, na hakuficha kitenzi katika jina lake. Hospitali za nchi zinazosema Kiingereza zilianza polepole kujifunza. Leo madaktari vijana hufundishwa kwamba wakitoka kuwaona ndugu wa mgonjwa waseme "died", wasiseme "tumempoteza" wala "amekwenda", kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu atashika neno lolote linalomwachia matumaini. Atauliza amepotelea wapi. Atauliza amepelekwa wodi gani.

Intaneti imerudisha woga kwa mlango mwingine. Watumiaji wa TikTok, wakiamini kwamba mitambo huzikandamiza video zenye maneno ya kifo, wamelikuza "unalive", yaani kumfanya mtu asiwe hai, neno lililokuwa mzaha katika katuni ya Spider-Man ya mwaka 2013. Sasa vijana wengine huliandika hata pasipo mtambo wa kulikagua. Na Kiingereza nacho kimetuachia chetu mtaani: kijana wa Nairobi au Dar es Salaam husema amededi, simu imededi, mradi umededi, ile "dead" ya kale ikivaa viambishi vya Kibantu na kupata, baada ya miaka elfu na zaidi, kitenzi kingine tena.

Tarehe 8 Septemba 2022 Malkia Elizabeth wa Pili alifariki dunia katika kasri la Balmoral. Wanasheria walilitoa "demise" lao kabatini, kwa maana yake halisi ya kuhama kwa taji. Lakini taarifa ya ikulu ilikuwa na sentensi mbili, na kitenzi cha ile ya kwanza kilikuwa "died". Hakuna aliyeona kwamba malkia amekosewa adabu, na hapo ndipo wafasiri wetu wa habari wanapaswa kuwa waangalifu. "Die" la Kiingereza halina ukali wa kufa letu linapotamkwa mbele ya wafiwa. Kwa binadamu aliyetajwa jina liandikeni alifariki dunia, na kufa liachieni hesabu za maafa, wanyama na mitambo. "Starve" lisigeuzwe kufa njaa pasipo maiti. Na anayekutana na "passed" katika tangazo la kifo asiandike alipita.